Jeuri ya Asubuhi

Nilipokuwa na miaka tisa watu wa Mnyambe walinipa sifa ambayo sikuiomba: walisema nina jeuri ya asubuhi. Jioni, walisema, mtoto huyu ana adabu mpaka unatamani kumwazima. Lakini asubuhi, Mungu apishe mbali. Asubuhi hapigi goti.

Kwetu mtoto wa kike akimwamkia mkubwa anapiga goti. Si kuinama kidogo huku unachezea ncha ya kanga. Unashuka mpaka chini, unasema shikamoo huku unatazama mchanga, unasubiri marahaba, ndipo unainuka. Njia ya kwenda dukani ikiwa na wazee saba, unapiga magoti kwa wote saba wakati wa kwenda na unayarudia wakati wa kurudi, maana wapo wanaosahau kwamba umeshawaamkia, na wapo wanaokumbuka vizuri sana ila wanapenda tu. Mimi sikuwa na ugomvi na desturi hiyo. Nilikuwa na ugomvi na magoti yangu, ambayo yalikuwa na tabia ya kuamka baada yangu.

Macho yanafunguka, njaa ipo, mdomo uko tayari kujibizana na mtu, magoti bado yamelala. Yamevimba, yana joto, yamekaza kama mlango wa mbao msimu wa masika. Kutoka kitandani mpaka uani nilitembea kama bata. Jua likishapanda juu ya mikorosho yanaanza kulainika, na ikifika saa nane mchana niko uwanjani nacheza rede, na hakuna aliyeweza kunilenga na mpira. Hapo ndipo nilipoiharibu kesi yangu mwenyewe. Mgonjwa gani anaumwa asubuhi, mchana anacheza rede?

Mama alisema ni uvivu wa maji. Uwanda wetu wa juu hauna kisima, na bomba likigoma unashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Bomba lilipenda sana kugoma. Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya muhogo, alisema hajapata kuona ugonjwa unaojua ratiba ya maji. Alipochoka na hilo akazua lingine: eti jina ndilo lililoniletea maradhi, nibadilishwe jina.

Jina lenyewe lilikuwa la bibi mzaa mama. Naambiwa nilipozaliwa nililia siku tatu, wakanitajia majina ya marehemu wote wa ukoo nisinyamaze, mpaka mtu akataja jina la bibi, ambaye alikuwa hai na amekaa pale pale anamenya mihogo. Nikanyamaza kimya. Tangu hapo tukawa masomo, jina moja watu wawili, naye akaniita mke mwenza ingawa babu, mume wetu wa kugombania, alikuwa ameshafariki zamani. Jirani alipoleta habari za kubadilisha jina, bibi alimwambia jina ni lake yeye, amelitoa kwa hiari, na anayetaka kulichukua aje na panga.

Bibi naye magoti yake asubuhi yalikuwa hayafunguki. Vidole vyake vilishapinda. Lakini yeye akichelewa kutoka watu walisema, "Pole bibi, uzee huo," wakampelekea uji kitandani. Mimi nikichelewa walisema namwigiza bibi, wakanipa ndoo. Maumivu yale yale, nyumba ile ile, kitanda kile kile maana tulilala pamoja. Mmoja anapewa uji na mwingine ndoo. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na jambo hilo bado linanichoma. Sijawasamehe wote.

Kitu kingine tulichogombania mimi na bibi kilikuwa urefu. Kila Idi, watu wakishakula, tulisimama kwenye mwimo wa mlango wa jiko na kuchorewa alama kwa msumari. Yangu ilipanda, kwa uchoyo. Ya bibi ilishuka. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekuwa akifikia uchaga wa juu bila kunyanyua kisigino, na sasa alimshutumu mama kwamba ameuinua uchaga kwa siri.

"Umeniibia," aliniambia kila Idi. "Ninachopungua mimi unaongezeka wewe. Nirudishie."

"Njoo uchukue," nilimjibu, na watu walicheka mpaka pilau likawapalia. Hakuna aliyejiuliza mtu anapunguaje bila sababu.

Mchoraji wa alama hizo alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa akiishi Masasi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba alikuwepo, mtu mwema, lakini alikuwa amehamia kwa wakweze kama desturi inavyotaka, na akiulizwa jambo lolote langu alijibu, "Muulizeni mjomba wake," akaendelea kunoa panga. Miaka ya nyuma, korosho zote zilipokuwa zinauzwa kwa chama cha ushirika, mjomba alikuja siku za sikukuu tu, saa za mchana. Magoti yangu saa hizo yalikuwa yamefungua ofisi. Nilishuka chini vizuri, akaniitikia marahaba ndefu, akanipa peremende. Alikuwa akinisifu mpaka Chiwata.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Korosho zikafunguliwa, wanunuzi wakaja na mizani zao kutoka nisikokujua, na mjomba akawa wakala wa mmoja wao. Akapewa pikapu iliyokohoa kuliko mzee yeyote wa kijiji. Biashara yenyewe ilikuwa ya kuwahi: atakayefika wa kwanza ndiye anayezoa. Kwa hiyo alitoka Masasi mapema na kuingia uani kwetu jua ndiyo kwanza linachungulia, anywe chai kwa mama yake, ndipo aendelee na kazi. Watu wana yao ya kusema juu ya soko huria. Mimi nililofanyiwa ni hili: lilihamisha salamu za mjomba kutoka mchana kwenda asubuhi.

Asubuhi ya kwanza nilisimama nimeshika mwimo wa mlango. "Shikamoo mjomba."

Alisubiri nishuke. Sikushuka. Akamtazama mama. "Huyu ananiamkia kama askari."

Asubuhi ya pili hakuitikia kabisa. Ya tatu alitoa hukumu, kikombe cha chai mkononi. Korosho zikiisha, safari yake ya mwisho ya msimu, atakuja kunitazama. Nikipiga goti, yamekwisha. Nisipopiga, nafungiwa nguo zangu na kupelekwa Masasi nikakae kwa mke wake nifundishwe adabu.

Mke wa mjomba nilimjua. Alikuwa akitandika kitanda mpaka kitanda kinaogopa kulaliwa. Lakini sikumwogopa yeye hasa. Niliogopa kuamka mahali ambapo hakuna bibi. Duniani nilikuwa na shahidi mmoja tu, na alikuwa wa Mnyambe. Masasi ningekuwa mjeuri mtupu, bila hata mtu wa kuniambia pole kwa sauti ya chini. Nililia siku hiyo, na nililia kwa hasira, ambayo ndiyo namna yangu ya kulia.

"Nyamaza," bibi alisema. "Magoti ni kama watoto. Tutayadanganya."

Akaanza kuniamsha jogoo wa kwanza akiwika. Tunajikongoja mpaka jikoni, tunashikana, sijui nani anamshika nani. Anabandika maji, anachovya vipande vya kanga kuukuu, anakamua, anayafunga magoti yangu na ya kwake, tunakaa tumenyoosha miguu minne mbele ya mafiga. "Kunja," ananiambia. "Kunjua. Kunja. Usinitolee macho, kunja." Pembeni anabandika sufuria ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na tulikuja kugundua kwamba ming'oko ikiiva na magoti yameiva. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Sufuria moja ya ming'oko, na ninaweza kushuka chini. Taratibu, nimekunja uso, lakini nashuka. Mama aliona mtoto wake ameanza kuwaamkia watu vizuri akamshukuru Mungu. Kuhusu ming'oko ya alfajiri tulimwambia tumeingiwa na ulafi.

Bibi alikuwa na siri nyingine, ya kwake peke yake. Siku ya gulio alikuja mchuuzi mwenye boksi la biskuti lililojaa dawa, maana siku hizo hata dawa ziliuzwa pembeni ya sabuni na betri za tochi. Alimuuzia bibi vidonge vidogo vyeupe. Alikuwa akivimeza asubuhi, mchana anachambua mbaazi na kuimba. Hamu ya kula ikarudi, mashavu yakajaa, uso ukawa mviringo, majirani wakampongeza kwamba anatunzwa. Vikimwishia anaumwa maradufu, kwa hiyo alihakikisha haviishi. Niliomba kimoja. Akakataa kabisa.

"Hizi za wazee," alisema. "Baridi yabisi yako wewe ni changa, itapotea."

Hata yeye, shahidi wangu, aliamini kwamba yangu ni kivuli cha yake. Ugonjwa wa viungo ulikuwa mali ya wazee, kama mkongojo na haki ya kukatiza maneno ya watu.

Msimu ulifika mwisho. Mjomba alitarajiwa Jumamosi, na kwa Jumamosi tulikuwa tumejiandaa mpaka kuni. Akaja Ijumaa, siku ambayo tulijiruhusu kulala kidogo. Alikuwa amesikia kuna mnunuzi mwingine anakusudia kuja Mnyambe kesho yake, akaamua kumpiga bao. Tuliisikia pikapu ikikohoa kwenye kona wakati bibi ndiyo kwanza anapuliza moto. Maji baridi, ming'oko mibichi.

"Haya sasa," bibi alisema.

Mjomba aliingia, akamsalimu mama yake, akakataa kiti. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na jambo moja dogo la kumaliza. Akasimama katikati ya uwanja akanitazama. Mama alisimama pembeni, ametazama chini. Baba alisimama na panga lake.

Niliachia mwimo wa mlango. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilifika nusu, kama kuku anayetaka kutaga, goti la kulia likagoma, nikabaki pale pale: kushuka siwezi, kuinuka siwezi. Machozi yananitoka. "Shikamoo mjomba," nikasema nikiwa huko huko katikati.

Alisubiri kidogo. Nadhani alitaka kweli nishuke. Halafu akamwambia mama, "Mfungie nguo zake."

Bibi akatoka jikoni akitembea kwa kushika ukuta. Akaja akasimama mbele ya mwanawe, akaweka mkono wake begani kwangu.

"Huyu ni nani?"

"Mama, hili niachie mimi."

"Nimekuuliza, huyu ni nani?"

"Somo yako."

"Jina lake nani?"

"Jina lako, mama."

"Basi," bibi alisema, na akaanza kushuka. Alinikandamiza bega akashuka, goti moja likagusa mchanga, likafuata la pili. Mwanamke aliyemzaa, aliyembeba mgongoni, amepiga magoti mbele yake ametazama chini. "Shikamoo, baba."

Halafu akasema "Aa", kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau sokoni. Niliusikia mkono wake unalegea begani.

Mama kumpigia magoti mwanawe kwetu ni jambo la kutisha; ukiitikia marahaba umejilaani mwenyewe. Mjomba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Inuka, mama. Inuka, utaniua."

"Siwezi kuinuka," bibi alisema, jasho linamtoka. "Mgongo umekatika. Na hujaniitikia."

Mjomba akaanguka chini naye, magoti yote mawili, suruali yake ya mtumba iliyopigwa pasi ikaingia vumbini. Sasa wote wawili wako chini, na mimi nimekwama nusu. Bibi akanitazama kwa pembeni. "Mke mwenza," akasema, pumzi zinakatika, "leo mrefu umebaki wewe tu."

Walimlaza kwenye pikapu juu ya magunia matupu ya korosho. Mimi nilipandishwa naye kwa sababu hakutaka kuniachia mkono. Tulishuka uwanda polepole mpaka Ndanda, na kila shimo la barabara bibi alilitukana kwa Kimakonde. Mjomba alikuwa akisimamisha gari na kuja nyuma kumuuliza kama anaumia. Korosho za Mnyambe safari ile walizoa wengine.

Daktari aliyempokea hospitali ya misheni alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo ambayo haikurudia jambo mara mbili. Asubuhi ya pili aliinua picha ya mgongo wa bibi dirishani akamwonyesha mjomba. Pingili moja ilikuwa imebonyea. Juu yake kulikuwa na nyingine mbili zilizobonyea zamani bila mtu kujua.

"Mfupa si jiwe," alisema. "Kila siku mwili unaubomoa kidogo na kuujenga kidogo. Mwanamke akizeeka, ubomoaji unashinda ujenzi, na ndani mnabaki matundu matundu. Ndiyo maana alikuwa anafupika." Kisha akauliza dawa anazotumia. Bibi, kwa aibu, akafungua fundo la kanga akatoa vile vidonge vyeupe. Daktari alivigeuza kiganjani. Akasema ni dawa ya kweli, lakini ya kupimiwa na mtu anayeijua. Ukiila kama karanga, miezi na miezi, inakujaza uso huku inakula mifupa kwa chini. Akamkataza pia kuiacha ghafla, maana nako kuna hatari, atampunguzia yeye mwenyewe kidogo kidogo.

Bibi alifikiri. "Kwa hiyo huyu hakuniibia."

"Nani?"

"Huyu."

Daktari akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na nilipotajwa nikainuka, kwa adabu, kwa ile namna yangu ya asubuhi. Aliiweka picha mezani, akaja akachuchumaa mbele yangu, akaweka viganja vyake juu ya magoti yangu.

"Yanakukaza ukiamka?"

"Ndiyo."

"Jua likipanda yanalegea?"

Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuniuliza habari za jua. Nilitikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, na nikaanza kulia, safari hii bila hasira.

Alimweleza mjomba. Yapo maradhi ya viungo ya watoto. Hayatokani na jina, wala uchawi, wala adabu. Walinzi wa mwili wanavishambulia viungo vya mwili wenyewe, na usiku mtoto akilala vinakaza zaidi. Ya bibi si hayo. Magoti yake yamesagika kwa miaka na ndoo za maji.

"Lakini huyu ni mtoto," mjomba alisema.

"Ndiyo, baba. Na ni mgonjwa."

Alinipa vidonge vya kumeza baada ya kula, akataka nipimwe damu, na akataka nirudi kila baada ya muda nipimwe macho pia, maana ugonjwa huo hupenda kwenda na huko. Kisha akasema asubuhi nikandwe kwa maji ya moto, na nikunje na kukunjua kabla ya kusimama. Bibi kutoka kitandani akauliza kama ming'oko haikuandikwa. Nikalazimika kueleza yote, jikoni, vitambaa, sufuria. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia bibi kwamba amefanya kazi yake vizuri. Bibi alilala akitabasamu mchana kutwa, na kila muuguzi aliyepita aliambiwa.

Mjomba hakuniomba msamaha. Wanaume wa kwetu maneno hayo hawakufundishwa. Lakini kesho yake alikuja wodini mapema na chupa ya uji, akanikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda cha bibi. Nilijikaza nishuke. Akanyanyua kiganja.

"Magoti yameamkaje?"

"Bado yamelala, mjomba."

"Yaache." Akavuta kigoda akakaa. Alikaa pale, mtu yule wa haraka, mpaka jua likaingia dirishani likafika miguuni kwangu. Habari za Masasi hazikutajwa tena na mtu yeyote.

Bibi alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, na hakunyooka tena. Asubuhi ya kwanza alitaka jambo moja: apimwe. Mama alimwambia si Idi. Akasema Idi ni siku atakayoamua yeye. Mjomba, aliyekuwa amelala kwetu baada ya kumleta, alichukua msumari akachora ya bibi, kisha akaniambia na mimi nisimame, akachora yangu. Akautazama mwimo kwa muda mrefu. Alikuwa amechora mstari mmoja.

"Tumelingana, mke mwenza," bibi alisema. Urefu wake mwingi ulikuwa umebaki pale uani, mbele ya mwanawe, kwa ajili yangu, na mimi nilijua na yeye alijua kwamba najua. "Sasa nani ampigie goti nani?"

Ilikuwa asubuhi, saa zile mbaya. Nilishika mwimo wa mlango nikaanza kushuka, goti moja, nikapumzika, kisha la pili, na ilichukua muda wa kuiva sufuria nzima ya ming'oko. Hakuna aliyeniharakisha. Bibi alisimama ameweka mkono begani kwangu, akasubiri mpaka nikafika chini na kusema shikamoo, ndipo akaitikia.